Kwa nini skrini inakuuliza jina kabla pesa hazijaenda

Umeweka nambari, umeweka kiasi, matatu inaondoka na uko mbio. Halafu skrini inakusimamisha: unatuma Sh 2,000 kwa fulani, ni sawa? Kuna wateja wanaolalamika kwamba hatua hiyo inawapotezea muda. Ni kweli inachelewesha, na imewekwa hapo makusudi.

Kwa kawaida anayebuni skrini hutafuta njia ya kupunguza hatua. Kuangalia salio, kwa mfano, kunafaa kuwe chapchap. Ukibonyeza vibaya unarudi nyuma tu. Kutuma ni tofauti. Pesa zikifika kwa laini isiyo yake, aliyezipokea anaweza kuwa kwa wakala akizitoa kabla hujagundua. Unaweza kuomba zirudishwe, lakini zikishatumika, hapo ni safari ndefu.

Jina linasaidia kwa sababu macho yetu hudanganywa na tarakimu. 0722 na 0772 zinafanana sana ukiwa na haraka. Lakini kama ulikuwa unamtumia shangazi na skrini ilete jina la mwanamume usiyemjua, utashtuka mara moja. Shida ni kwamba majina nayo yana mambo yake: Mama Brayo wa mboga amesajili laini kwa jina la kitambulisho ambalo hujawahi kulisikia. Usikisie. Ghairi, mpigie, kisha utume.

Kwa simu ya kabambe kazi ni ngumu zaidi. Ile menyu ya kupiga nyota haina rangi wala picha, na ujumbe mmoja wa USSD hubeba herufi 182 pekee, nafasi zikihesabiwa pia. Jina, kiasi na nambari lazima vitoshee hapo, ndiyo maana hutaona "Mpendwa mteja". Pia ukikaa sana bila kujibu, menyu hukatika. Ikikatika, angalia ujumbe na salio kwanza kabla ya kutuma tena, usije ukatuma mara mbili.

Kuna skrini nyingine ya kusoma polepole: ile inayojitokeza yenyewe ikiomba PIN. Dukani ni kawaida, muuzaji ndiye ameituma kwako. Huwa imeandika kiasi na jina la biashara inayolipwa. Ikitokea ukiwa umekaa tu nyumbani na hujanunua kitu, hata kama kuna mtu kwa simu anakuambia "weka PIN upokee zawadi," ghairi. Kupokea pesa hakuhitaji PIN yako.