Elimu ya Ugenini na Hazina ya Palma

Mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, kuanzia mdomo wa Mto Ruvuma hadi Mocímboa da Praia, ni nchi ya wavuvi, wakulima wa minazi na wafanyabiashara wadogo. Huko husikika Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili. Tangu gesi asilia ilipogunduliwa chini ya bahari hiyo mwaka 2010, jina la Palma limekuwa likitajwa katika ofisi za Paris na Tokyo. Mikataba ya gesi huandikwa kwa lugha ya wataalamu wa uchumi. Je, ni nani atakayeisoma kwa niaba ya mvuvi?

MILANGO ILIYOFUNGWA

Wakoloni wa Kireno hawakufungua elimu ya juu nchini Msumbiji hadi mwaka 1962, tena mbali kusini, mjini Lourenço Marques. Nchi ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, watu zaidi ya tisa katika kila kumi hawakujua kusoma wala kuandika.

Aliyetaka kusoma zaidi ilimbidi asafiri. Marehemu Dk. Eduardo Mondlane alifukuzwa Afrika Kusini mwaka 1949, akajaribu Lisbon, kisha akaingia Chuo cha Oberlin nchini Marekani akiwa na umri wa miaka 31. Mwaka 1960 alipata shahada ya udaktari katika elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Miaka miwili baadaye alikuwa Dar es Salaam akiongoza FRELIMO.

KAZI YENYEWE

Shahada ya udaktari katika uchumi ni kazi ya miaka mitatu hadi sita, na pengine zaidi. Huko Marekani mwanafunzi huanza na masomo mazito ya hisabati na takwimu, na asipofaulu mitihani hiyo haruhusiwi kuendelea. Uingereza huingia katika utafiti mapema zaidi, na mwishowe huitetea tasnifu yake mbele ya watahini. Kijana wa Msumbiji, aliyesomeshwa kwa Kireno, hana budi kwanza aimudu lugha ya Kiingereza.

Upweke nao ni mtihani. Posho humalizikia katika kodi ya chumba na chakula, ilhali jamaa nyumbani hudhani kwamba aliye Ulaya hakosi fedha. Misiba humpata akiwa mbali, na tasnifu haina sikukuu.

ALIYERUDI NA MASWALI

Mchumi Carlos Nuno Castel-Branco wa Msumbiji alipata udaktari wake mwaka 2002 katika Chuo cha SOAS, Chuo Kikuu cha London. Tasnifu yake ilihusu sera ya viwanda ya nchi yake. Mwaka 2007 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa taasisi ya utafiti ya IESE mjini Maputo, akawa mkurugenzi wake wa kwanza.

Hoja yake ni rahisi kueleweka hata na asiyekwenda chuo. Miradi mikubwa yaweza kukuza takwimu za uchumi huku ikiacha kidogo nchini, endapo imesamehewa kodi, inanunua vifaa vyake ng'ambo na kuajiri watu wachache. Mfano alioutumia ni kiwanda cha alumini cha Mozal, kilichoanza kazi karibu na Maputo mwaka 2000.

Huko Palma hoja hiyo ina uzito wake. Wanakijiji wa Quitupo walihamishiwa Quitunda ili kupisha mradi wa Afungi. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 viliingia Palma mwezi Machi 2021, na mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wake. Wanajeshi wa Tanzania, waliokuwamo katika jeshi la SADC lililopelekwa mwaka 2021, wanajua gharama ya amani hiyo. Bunduki huweza kulinda kijiji. Lakini mgawanyo wa mapato ya haki huhitaji kalamu iliyofunzwa.

WAJIBU WA JAMAA

Mzazi asimruhusu mtoto aikimbie hisabati kwa kuwa ni ngumu, wala asidhani kwamba somo hilo si la wasichana. Na aliye ugenini apelekewe barua za kumtia moyo kabla ya orodha ya mahitaji. Wazee wa pwani husema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Akirudi na elimu yake, apewe kazi, na asikilizwe hata anapouliza maswali magumu.