Nyumba ya mwenye kuchunguza ndege

Mtu mwenye kazi ya kuchunguza ndege akitaka kukaa katika miombo ya Katanga, tumjengee nyumba ya namna gani? Wengi watataka kwanza dirisha kubwa, apate kuona vizuri. Lakini kioo ndicho kinachoua. Ndege huona juu yake sura ya miti na mbingu, hudhani njia iko wazi, hujipiga na kufa. Basi tutie alama upande wa nje wa kioo, kila sentimeta 5, ama tutandike wavu mbele yake. Pazia la ndani halitoshi, kwani ile sura ingali nje.

Matofali ya kuchoma hula miti mingi katika tanuru. Tunaona afadhali yale ya udongo ulioshindiliwa pamoja na saruji kidogo, bila moto, na paa litokeze sana, mvua isifikie kuta. Tena tujenge mahali palipokwisha kulimwa zamani.

Na ule mti mkavu, ambao kila fundi atataka kuukata? Kama hautaangukia nyumba, tuuache: ndege wengi hutaga mayai katika mashimo yake.