Kofre ya juu ya mutoka: usiulize litri, uliza kilo

Wiki iliyopita yaya yangu alinitumia picha ya kofre nyeusi ya plastiki, zile za kufunga juu ya mutoka, na swali moja: "Mudogo, iko na litri 400. Itatosha?" Anataka kutoka Lubumbashi na shemeji na batoto bane, wapite Likasi, waende Koni kwa kambo katika likizo kubwa. Nyuma ya mutoka hamna tena nafasi hata ya sufuria. Nilimjibu kwamba swali si litri. Halafu nikaona jibu langu limekuwa refu, na wengi wetu hapa tumeanza kununua mutoka za familia, basi acha niliweke hapa.

Nianze na aibu yangu. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa nane, tulikuwa tunarudi toka Koni na mifuko miwili ya mahindi juu ya galeri. Mimi njo niliyepakia. Galeri ilitoka kwa sudere wa mtaani, chuma kizito, imeshikwa kwenye ukingo wa paa kwa skruu nne. Kabla ya kufika kwenye lami, kwenye kona yenye vumbi, akatokea mzee anasukuma kinga iliyojaa makala. Shemeji akakanyaga freni. Mutoka ilisimama, mizigo haikusimama. Galeri nzima ilikuja mbele, ikavunja kioo, mfuko mmoja ukapita juu ya kapo na kuanguka hatua mbili toka kwa yule mzee. Alikuwa amesharuka kwenye majani. Hakuumia. Aliinua kinga yake, akatuangalia, akaenda bila kusema neno.

Nina licence ya agronomia, jamani. Kupima mahindi njo kazi yangu. Kila aliyepita kwenye masomo yetu anajua uzito wa hektolitri: litri 100 za mahindi makavu zina karibu kilo 72. Sasa chukua kofre ya yaya. Litri 400 ni hektolitri nne. Ukiijaza mahindi, umeweka kilo karibu 290 juu ya paa. Ukiijaza makala, ni kati ya kilo 80 na 100. Ukiijaza mablanketi na nguo za batoto, uko mbali sana na kilo za mahindi. Kofre ni ile ile, litri ni zile zile. Ndiyo maana muuzaji anapenda kusema litri, juu litri zinaonekana kwa macho.

Paa lenyewe linabeba nini? Kiwanda cha mutoka kinaandika uzito wa juu kabisa kwenye kitabu chake, na kwa mutoka nyingi ndogo ni kati ya kilo 50 na 100. Shida ya kwetu ni kwamba mutoka nyingi zimetoka Japani zikiwa zimetumika, na kitabu, kama kipo, kiko kwa Kijapani. Tafuta kwenye intaneti kwa jina kamili la mutoka na mwaka wake, usikubali neno la muuzaji. Ya yaya ni kilo 75.

Hapa njo watu wanajidanganya: zile kilo 75 si za mizigo tu. Vyuma viwili vya kupitisha juu ya paa vimo ndani yake, na kofre yenyewe imo. Vyuma kilo 5, kofre kilo 15, zimebaki 55. Tena kuna viwanda vya vyuma hivyo vinavyosema kwamba kwenye njia mbaya ugawanye uzito kwa 1.5. Anayejua udongo wa kwenda Koni hataniuliza kama ile ni njia mbaya. 75 gawanya kwa 1.5 ni 50, toa 20 za vyuma na kofre: zimebaki 30. Kilo thelathini! Ile galeri yetu ya chuma, tulipoipima baadaye, peke yake ilikuwa na kilo 34, na juu yake tuliweka mahindi kilo 100.

Si paa kupasuka tu. Uzito wa juu unaifanya mutoka iegemee kwenye kona, na ukifunga freni, mzigo unaendelea na mwendo uleule mpaka kitu kiushike. Kama ni kamba ya mpira, inavutika kwanza. Ukiwa na galeri tu, tumia mikanda ya kukaza isiyovutika, na funga pia kuelekea mbele na nyuma, si kushoto na kuume peke yake.

Mafuta nayo. Idara ya Nishati ya Marekani inaonyesha kwamba kofre kubwa inapunguza kilomita za kila litri kwa asilimia 10 mpaka 25 kwenye barabara ya mwendo kasi, na mjini 2 mpaka 8 tu. Yaya atalisikia kwenye zile kilomita 120 hivi za lami mpaka Likasi. Kwenye udongo anatembea polepole, hewa haina maneno mengi.

Kama kofre imetumika, angalia plastiki karibu na bawaba, jua linaifanya ivunjike kama biskuti. Hesabu vishikio vyote vinne. Jaribu ufunguo mbele ya muuzaji. Fungua mlango wa nyuma wa mutoka taratibu uone kama utagonga kofre. Na angalia inafungukia upande gani: kwetu tunatembea kuume, hivyo kofre inayofunguka kushoto tu itakusimamisha kwenye njia ya makamiyo. Vumbi litaingia hata hivyo, nguo ziwe ndani ya mifuko ya plastiki.

Yaya alinunua. Jana tulipima kila kitu kwenye mizani ya jirani anayeuza bunga: magodoro mawili ya sponji, mablanketi, nguo, mipira ya batoto, kilo 27. Sufuria na maji vinakaa chini, katikati ya mutoka. Mahindi ya kurudi nayo yatapanda kamiyo ya wachuuzi, na tutalipa.

Nilimpigia kambo kumwambia hivyo. Alicheka sana. "Sasa hiyo sanduku inabeba nini? Mwambie atafute nafasi ya kuku wangu."

Kuku watakaa miguuni mwa batoto.