Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini nani wa kusimama naye?

KENYA haina mgodi wa almasi. Dhahabu inayo, lakini kwa miaka mingi imekuwa ile ya wachimbaji wadogo wa Kakamega na Migori, wanaokesha shimoni kutafuta riziki ya siku. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 mafaili ya serikali jijini Nairobi yalionyesha kwamba kampuni moja, Goldenberg International, inauza nje dhahabu na almasi kwa wingi wa kutisha. Kwa kila shehena iliyoandikwa katika mafaili hayo, fedha za umma zilitoka.

Mpango wenyewe ulikuwa na sura ya heri. Nchi ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni, kwa hiyo sheria ilimpa muuzaji wa bidhaa nje ya nchi fidia ya asilimia 20 ya thamani ya alichouza. Goldenberg iliongezewa asilimia 15 juu yake, ikawa 35, na ikapewa haki ya kuwa muuzaji pekee wa madini hayo. Piga hesabu. Karatasi ikisema almasi za shilingi milioni 10 zimesafirishwa, mwenye karatasi analipwa shilingi milioni tatu na nusu. Kwa mtu asiye na almasi hata moja, kinachotakiwa ni karatasi tu, na wakubwa wa kuipitisha.

Karani na fomu zake

Karatasi hizo zilipita Benki Kuu ya Kenya, mezani kwa makarani. Mmoja wao alikuwa David Munyakei, kijana wa miaka ishirini na kitu, mgeni kazini. Kazi yake haikuwa ya kutoa amri wala ya kukaa kwenye vikao vya wakubwa. Ilikuwa kazi ya kupokea nyaraka, kuzisoma na kuziingiza katika kumbukumbu.

Miongoni mwa nyaraka hizo zilikuwamo fomu za CD3, ambazo muuzaji alizitumia kuthibitisha kwamba bidhaa imetoka nchini na fedha za kigeni zimeingia. Karani mvivu angegonga muhuri akaenda zake kunywa chai. Munyakei alizisoma. Aliona kampuni ileile ikirudi tena na tena, viwango vya fedha vikipanda, na almasi ambazo nchi haina zikilipiwa fidia kama kahawa na chai zilizopakiwa bandarini mchana kweupe.

Tuikumbuke picha hiyo kila tunaposikia kwamba kutafuta ukweli ni kazi ya waandishi wa habari, majaji na wanaharakati. Wizi uliotikisa uchumi wa nchi nzima ulionekana na mtu wa ngazi ya chini, na aliuona kwa sababu alifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Hakuhitaji cheo wala shahada ya uchunguzi. Alihitaji kusoma kilichoandikwa, kulinganisha na anachokijua, na kukataa kujidanganya kwamba hayamhusu.

Kwa kuwa malipo yalikuwa na baraka za wakubwa, Munyakei alizifikisha nyaraka mikononi mwa wanasiasa wa upinzani, Peter Anyang' Nyong'o na Paul Muite, waliokuwa wameingia bungeni katika uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Mwaka 1993 suala hilo likalipuka bungeni na magazetini. Mwaka huohuo Wakenya walikuwa wakihangaika na mfumuko wa bei uliofika takriban asilimia 46. Goldenberg haikuwa chanzo pekee, maana fedha zilizomwagwa wakati wa uchaguzi nazo zilikuwa na mchango wake. Lakini mama aliyekwenda dukani na noti ileile akarudi na unga nusu ya ule wa zamani alikuwa analipia, pamoja na mengine, almasi ambazo hazikuwahi kuchimbwa.

Alipobaki peke yake

Munyakei alikamatwa. Alishtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali, na ingawa mashtaka hayo hayakusimama, kazi yake ilikwenda. Alihamia Mombasa kujaribu kuanza maisha upya, baadaye akaenda kuishi Narok. Miaka kumi ilipita kabla serikali mpya ya Mwai Kibaki kuunda, mwaka 2003, Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Samuel Bosire. Karani aliyefukuzwa akaitwa kutoa ushahidi, akausema hadharani, mbele ya kamera, ukweli uleule uliomfikisha rumande. Mwaka 2004 Transparency International ilimtunuku tuzo ya uadilifu.

Tuzo ni heshima, lakini haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Hakurudishwa kazini. Mwezi Julai 2006, miezi michache tu baada ya ripoti ya tume kutolewa, alifariki kwa nimonia, akiwa maskini na hajafika miaka arobaini. Kwa upande wa pili, kesi za Goldenberg zilikokotwa mahakamani miaka nenda miaka rudi, na hakuna kigogo aliyetumikia kifungo kwa wizi huo.

Wahenga walituachia kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hilo ni la Mungu na mja wake. Letu ni kujiuliza kama msema kweli ni mpenzi wetu pia. Katika habari ya Munyakei, waliomkamata ni wachache na majina ya ofisi zao yanajulikana. Walionyamaza ni wengi, na ndio wanaonisumbua zaidi: waliosoma habari ile gazetini, wakatikisa kichwa, wakasema "huyu kijana kajitafutia", wakageuza ukurasa. Mtu yule alilinda fedha ya kila mmoja wao. Alipofukuzwa, hawakujitokeza kumchangia nauli wala wakili, na waajiri hawakujipanga kumpa kazi.

Ninaloamini ni hili. Ukweli wa umma ukiachwa kwa mtu mmoja, utamvunja. Wajibu wa mwananchi hauishii kwenye kuusema, bali unaendelea kwenye kuupokea, kuushika na kusimama na aliyeusema.

Magazeti na kuta za shule

Kwamba jambo hili linawezekana si ndoto. Miaka hiyohiyo ya 1990, Uganda ilikuwa ikipeleka ruzuku kwa shule za msingi kwa hesabu ya kila mwanafunzi, kwa ajili ya vitabu, chaki na mahitaji mengine. Fedha zilitoka Kampala zikapitia wilayani. Watafiti walipofuatilia takriban shule 250 mwaka 1996, walikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 ni wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo iliyokuwa imefika shuleni. Shule nyingi hazikupata hata senti moja. Wazazi nao waliendelea kuchangishwa, wakiamini serikali haina kitu.

Serikali ilichofanya ni kutangaza. Kiasi kinachotumwa kila wilaya kilichapishwa magazetini, yakiwamo ya lugha za wenyeji, na shule zikatakiwa kubandika ukutani tangazo la fedha zilizopokea. Mwalimu mkuu aliposoma gazeti akajua wilaya yake imepewa kiasi gani, alikuwa na la kuuliza. Mzazi aliposoma ukuta, alikuwa na la kuuliza kwa mwalimu mkuu. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inafika. Wako waliosema baadaye, kwa haki, kwamba mageuzi mengine ya usimamizi wa fedha nayo yalisaidia. Hata hivyo, watafiti wa mwanzo, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, waligundua kwamba shule zilizokuwa karibu zaidi na mahali magazeti yanapouzwa ndizo zilizopata nafuu kubwa zaidi.

Linganisha hali mbili hizi. Nairobi, ukweli ulikuwa kwenye mafaili ya siri, na aliyeutoa alionekana mhalifu. Uganda, ukweli uleule wa nani kapewa nini uliwekwa ukutani, na hakuna mzazi aliyehitaji kuwa shujaa ili ausome. Mzigo uligawanywa kwa maelfu ya watu, kila mmoja akabeba kidogo kwa kuuliza swali moja. Afisa wa wilaya anaweza kumnyamazisha karani mmoja. Hawezi kuwanyamazisha wazazi wa wilaya nzima waliosoma tangazo lilelile.

Kila robo ya mwaka

Hapa Tanzania hatuna kisingizio. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, kuwa mamlaka ya juu kabisa ya kijiji. Mkutano huo unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na hapo ndipo mahali pa kusomewa taarifa ya mapato na matumizi. Kuna vijiji vinavyofanya hivyo kwa uaminifu, na kuna vingine ambako ubao wa matangazo una kalenda ya mwaka juzi na bango la kampeni, basi.

Tuseme taarifa imebandikwa. Isome kama Munyakei alivyosoma fomu zake. Anza na mapato: ushuru wa mazao, kodi ya vibanda, michango ya wananchi. Wewe mwenyewe ulichangia darasa. Je, mchango wa kitongoji chako umo? Kisha matumizi. Palipoandikwa "ukarabati wa choo cha shule", choo kipo hatua mia mbili tu kutoka hapo ulipo, nenda ukakitazame. Ukifika kwenye mstari wa "mengineyo", simama. Mstari huo ukiwa mkubwa kuliko dawa za zahanati, inua mkono mkutanoni uulize kwa adabu: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba tufafanuliwe mengineyo ni yapi."

Na hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Mzee mmoja au mama mmoja anauliza swali hilo, mwenyekiti anakunja uso, na sisi wengine tunatazama chini. Kesho yake aliyeuliza anaitwa mchochezi, na waliokuwa wakinong'ona swali lilelile wiki nzima kilabuni hawamjui tena. Kumbe ilitosha mtu wa pili kusimama na kusema, "Hata mimi nataka kujua." Akisimama wa tatu, swali si la mchochezi tena, limekuwa la kijiji.

Hali ni hiyohiyo kitaifa. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni. Wiki moja magazeti yote yanaibeba, vijiwe vinachemka, kisha tunarudi kwenye usajili wa Simba na Yanga. Mwaka unaofuata tunashangaa tena halmashauri zilezile zikitajwa. Chukua kurasa zinazohusu halmashauri yako tu. Diwani wako akija kwenye mkutano, muulize kuhusu hoja hizo moja baada ya nyingine.

Ukweli si tetesi

Kuna jambo ambalo wapenda haki hatulisemi vya kutosha. Munyakei hakusimama sokoni kusema wakubwa ni wezi. Alikuwa na nyaraka. Leo, kila mwenye simu ana kipaza sauti, na katika makundi ya WhatsApp tunasambaza picha za hundi, barua zenye mihuri na sauti za "mtu wa ndani" bila kujiuliza zimetoka wapi. Tunadhani tunapambana na ufisadi. Kwa kweli tunamsaidia fisadi, kwa sababu tetesi kumi zikithibitika kuwa uongo, siku ushahidi wa kweli unapotoka anasema tu, "Ni yaleyale ya mitandaoni", na watu wanamwamini.

Mwananchi anayetafuta ukweli hujibana mwenyewe kwanza. Hujiuliza: nimeona, au nimeambiwa? Aliyeniambia aliona? Ningekuwa tayari kulisema hili mbele ya huyo ninayemtuhumu? Ukweli huo pia haubagui chama wala kabila. Anayeona wizi wa upande wa pili tu hautafuti ukweli, anatafuta ushindi.

Sheria za kuwalinda watoa taarifa zimeanza kuwepo. Uganda ilitunga yake mwaka 2010, Tanzania ikatunga Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015. Katiba yetu, ibara ya 27, inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya umma na kupiga vita uharibifu na ubadhirifu. Ni vizuri. Lakini sheria haimlishi mtu, haimtembelei mkewe yeye anapokuwa mahabusu, wala haimwajiri aliyefukuzwa. Kazi hiyo ni ya majirani, wafanyakazi wenzake, waumini wa msikiti wake au kanisa lake, chama chake cha wafanyakazi, na wenye biashara wanaojua thamani ya mhasibu asiyeiba.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na ni la wiki hii. Uliza mkutano mkuu wa kijiji au mtaa wako ulikaa lini mara ya mwisho, na unaofuata ni lini. Nenda na mwenzako. Kama huna ujasiri wa kuuliza swali la kwanza, kuwa mtu wa pili kusimama. Na kama unamjua mtu aliyepoteza kazi kwa kukataa kutia saini uongo, mtafute kabla hajafa, umuulize anahitaji nini.