Barua za Ruangwa Zisilale Nachingwea

Mwaka 1995 Wilaya ya Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea. Tangu hapo barua ya mkulima wa Mbekenyera haina kazi katika masijala ya Nachingwea. Ikipelekwa huko haitachanika wala kuungua. Italala tu mahali isipotafutwa, na kwa mkulima hilo ni sawa na kupotea.

Kwenye kompyuta zetu nyingi wilaya hazijagawanywa. Karani wa chama cha msingi cha korosho ana anwani tatu za barua pepe: ya chama, yake binafsi, na ya kikundi cha kuweka na kukopa. Zote zinamiminika katika kisanduku kimoja. Msimu ukifika, tangazo la mnada linasongwa na picha za harusi. Hilo bado ni dogo. Kubwa ni pale orodha ya malipo, yenye majina ya wakulima na namba zao za benki, inapotumwa kwa anwani binafsi. Karani akihama kazi, ushahidi umehama naye, na mkulima aliyepunjwa hana pa kushika.

Dawa yake haiuzwi. Thunderbird, programu iliyotolewa rasmi mwaka 2004, ni ya bure, na kila anwani unayoiingiza inaweza kupewa mti wake wa mafolda upande wa kushoto. Ukijibu barua iliyoingia kwa anwani ya chama, jibu hutoka kwa anwani hiyo hiyo. Unapoanza barua mpya, hata hivyo, tupia jicho mstari wa mtumaji kabla hujaituma.

Kabla ya kupanga chochote, jua barua zako zinakaa wapi. Kuna njia mbili. Ya kwanza, POP, ya mwaka 1984, hushusha barua kwenye kompyuta yako, na mara nyingi, usipoiagiza vinginevyo, huzifuta kule zilikotoka, papo hapo au baada ya siku kadhaa. Diski ikifa, barua zimekwenda nayo. Ya pili, IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin huko Stanford mwaka 1986, huziacha barua kwenye seva, na wewe unaona kivuli chake. Kwa IMAP miti hujitenga yenyewe. Kwa POP ingia katika mipangilio ya akaunti, uchague kisanduku cha akaunti yenyewe badala ya kile cha pamoja.

Ndani ya kila mti fungua mafolda machache: mnada, malipo, pembejeo. Mimi sina imani na mtu mwenye mafolda arobaini. Huyo anapanga asipate muda wa kusoma. Halafu weka kichujio, yaani agizo kwamba kila barua ya chama kikuu iingie folda ya mnada bila kuguswa.

Hapa pana mtego. Kwa IMAP, ukiikokota barua ya chama kutoka mti wake hadi mti wako binafsi, hukuisogeza kwenye kioo tu. Umeipakia kwenye seva nyingine, na kwa chama imeondoka. Wenye anwani za Serikali, zile zinazoishia na go.tz, walitazame hili mara mbili.

Na wa POP, kila Ijumaa ifunge programu, kisha unakili folda yake nzima kwenye flashi. Flashi hiyo isilale ofisini pamoja na kompyuta.