Je, Wajua? Keki, Karata na Kiingereza katika Madarasa ya Japani

JE, WAJUA kwamba neno keki halihitaji mkalimani kati ya Dodoma na Osaka? Sisi tulilitoa kwenye Kiingereza tukalitilia irabu mwishoni. Wajapani nao, bila kushauriana nasi, wakafanya vilevile, ila wao huivuta kidogo ile e. Basi kwao ni basu, koti ni kooto, hoteli ni hoteru, shati ni shatsu. Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, na karibu kila silabi yake hupenda kutulia juu ya irabu.

Kwa hiyo mgeni anayefika kule kufundisha watoto Kiingereza hutamka neno la silabi moja, “milk”, na darasa zima likamrudishia silabi tatu kwa furaha: mi-ru-ku. Wapo wageni wanaoliona hilo kuwa kosa la kupigana nalo mwaka mzima. Mtu aliyekulia katika Kiswahili anajua mara moja kwamba si uvivu. Sikio la mtoto linaifuata sheria ya lugha ya mama yake, kama letu lilivyofuata tulipopata baiskeli na penseli.

JE, WAJUA ni nani huyo mgeni? Mara nyingi ni kijana aliyemaliza chuo kikuu juzi. Mwaka 1987 Serikali ya Japani ilianzisha mpango wa kuwaalika, uitwao JET. Mwaka huo wa kwanza waliitikia watu 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Siku hizi walio kazini kwa wakati mmoja ni zaidi ya 5,000, na wametoka pia Jamaika, Trinidad na Tobago, Afrika Kusini na nchi nyingine nyingi. Shahada inatakiwa, lakini si lazima iwe ya ualimu. Wengi wao husimama darasani pamoja na mwalimu Mjapani kama wasaidizi, na wengine huzunguka shule kadhaa kwa wiki, za mjini, za milimani, hata za visiwa vidogo ambako darasa zima linaenea kwenye meza moja.

JE, WAJUA kwamba huko mwalimu huitwa sensei, neno ambalo maandishi yake yana maana ya “aliyezaliwa kabla”? Kijana wa miaka 22 anaingia darasani na kuitwa mzee na watoto thelathini kwa pamoja. Heshima ya namna hiyo humnyoosha mtu mgongo.

JE, WAJUA kwamba mimi ni sikio? Kijapani cha sikio ni mimi. Na pua ni hana. Hebu mfikirie Mswahili anayefundisha viungo vya mwili: anashika sikio lake, anauliza kwa Kiingereza ni nini hiki, na mtoto aliyesahau neno la Kiingereza anapaza sauti ya lugha yake: “Mimi!” Anashika pua, anajibiwa: “Hana!” Na lipo fundo jingine. Mjapani akitaka kusema “mimi” kwa ishara, hagusi kifua kama sisi. Hunyoosha kidole kwenye pua. Basi mtoto akiulizwa nani atajibu, naye akaigusa pua yake, hajasema ana mafua. Anaomba nafasi.

JE, WAJUA kwamba asubuhi watoto hutangaza kuwa wako hai? Hai kwa Kijapani ni “ndiyo” au “nipo”. Katika shule nyingi mwalimu huita majina huku akiulizia afya, na mtoto huitikia: “Hai, genki desu,” yaani ndiyo, sijambo. Mtu wa Tanga akisikia hai thelathini mfululizo, kila moja kwa sauti yake, nadhani hataisahau asubuhi hiyo.

JE, WAJUA kwamba alama yetu ya vema huko ni ya kukosa? Jibu sahihi huzungushiwa duara. Ile alama ambayo mwanafunzi wa Kisumu au Mbeya huihesabu kwa shauku kwenye daftari lake, mtoto wa Japani akiiona hunywea. Mgeni asiyeambiwa mapema anaweza kulisononesha darasa lililopata yote. Akishaambiwa, anajifunza kitu kizuri zaidi: kazi ikiwa bora sana, duara huongezewa petali likawa ua. Nimezitazama picha za madaftari ya namna hiyo kwa muda mrefu. Walimu wetu wenye kalamu nyekundu wangeweza kuchora ua mojamoja, bila gharama yoyote.

JE, WAJUA kwamba mtoto wa shule ya msingi ya Japani hujifunza alama 1,026 za maandishi ya kanji katika miaka sita, mbali na herufi za silabi za aina mbili? Herufi za Kiingereza ni 26 tu. Kinachomtisha katika Kiingereza si kuandika. Kinachomtisha ni kufungua mdomo mbele ya wenzake. Tangu 2020 darasa la tatu na la nne hupata vipindi 35 kwa mwaka vya kuizoea lugha kwa kuisikia na kuisema, na darasa la tano na la sita hupata 70 vya Kiingereza kama somo kamili. Kila kipindi ni dakika 45. Ukipiga hesabu, darasa la tatu linapata takriban kipindi kimoja kwa wiki. Ndiyo maana watoto humsubiri mwalimu mgeni dirishani.

JE, WAJUA kwamba karata za mabaharia wa Kireno zilifika Mombasa na Nagasaki, na kote kuwili zikabaki na jina lilelile? Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na Japani mwaka 1543. Neno lao carta likawa karata kwetu, likawa karuta kwao. Sisi tulibakiwa pia na meza na leso. Wajapani wakabaki na pan, yaani mkate, na botan, yaani kifungo. Lakini huko karuta si mchezo wa barazani baada ya alasiri. Ni mchezo wa sikio na mkono. Kadi hutandazwa chali, mmoja husoma, wengine hugombea kuipiga kofi kadi inayostahili.

Walimu wa Kiingereza wameichukua hivyohivyo. Meza zinaunganishwa, picha zinatandazwa, watoto wanne au watano wanaweka mikono kichwani ili asiwepo wa kuvizia. Mwalimu anavuta pumzi. Anataja nusu ya neno, ananyamaza, darasa linashika roho. Anamalizia, na mikono inashuka kwa kishindo. Wawili wakigusa pamoja, hawagombani: wanapiga janken, jiwe, karatasi na mkasi, na hukumu inakubaliwa papo hapo. Hapa ndipo panaponivutia kuliko popote katika habari hii yote. Yule mtoto asiyesema neno tangu muhula uanze, ambaye ripoti ingemwandika kuwa haelewi, ndiye anayeondoka na kadi kumi na mbili. Kumbe alikuwa anasikia kila kitu. Kuitikia kwa pamoja kusingelifichua hilo. Kwenye kwaya, asiyejua hujificha nyuma ya anayejua, na anayejua akiwa mwenye haya hujificha pia.

JE, WAJUA kwamba mwalimu hula pamoja na watoto, darasani, kwenye meza zao ndogo? Chakula cha shule cha Japani huhesabiwa kuanzia 1889, katika mji wa Tsuruoka, mkoa wa Yamagata, ambako watoto maskini wa shule iliyokuwa hekaluni walipewa matonge ya wali, samaki wa kuokwa na mboga za achari. Leo zamu ya kupakua ni ya watoto wenyewe. Wanavaa makoti meupe, kofia na barakoa, wanaleta masufuria kutoka jikoni, wanapimiana supu kwa upawa bila mtu mzima kuingilia. Hakuna anayegusa chakula kabla wote hawajapata. Kisha mikono inaunganishwa, neno la shukrani linasemwa kwa sauti moja, itadakimasu, na vijiti vinaanza kazi. Kila mtoto ana maziwa yake, mililita 200.

Mgeni hupangiwa kundi la kuketi nalo, na hapo Kiingereza cha kweli huanza. Hakuna kitabu. Mtoto ananyoosha kijiti kwenye samaki, anakunja uso akitafuta neno, analipata: “Like?” Neno moja tu, bila kiima wala kitendwa. Mgeni anajibu kwamba anampenda sana, na meza yote inashangilia kana kwamba amefunga bao. Mtu akiwa hayupo, pudini yake inabaki. Inapigiwa janken, na mwalimu naye anaruhusiwa kushindana. Akishinda, huichukua. Watoto hawapendi mtu mzima anayewaachia ushindi.

Baada ya chakula, ufagio. Katika shule nyingi watoto hufagia na kudeki wenyewe kwa kama robo saa, na walimu hushika matambara pamoja nao. Waliosoma shule za serikali Tanzania na Kenya hawana la kushangaa hapo, isipokuwa hilo la mwalimu kuinama.

JE, WAJUA kwamba Mjapani humwita mtu kama sisi, kiganja kikiwa chini na vidole vikipunga? Mmarekani mgeni hudhani anafukuzwa, akarudi nyuma. Mtu wa Pwani angesogea tu.

JE, WAJUA kwamba taa ya kijani ya barabarani Wajapani huiita kwa neno la buluu? Na jua wanalichora jekundu. Somo la rangi, ambalo mgeni alilidhani jepesi kuliko yote, ndilo linalomrudisha dirishani kulitazama jua upya.

JE, WAJUA kwamba Sungura wetu, yule mjanja, ana ndugu mwezini? Watoto wa Japani wakiutazama mwezi mpevu huona sungura anatwanga. Anatwanga mochi, keki ya mchele wenye kunata. Na si hadithi tu. Majira ya baridi shule na vijiji hutwanga mochi kwenye kinu kikubwa. Mmoja anapiga, mwingine anageuza donge kati ya pigo na pigo, kwa mdundo ambao kila aliyelelewa karibu na kinu anaujua. Kinu chao kinaitwa usu, na mchi wao unaitwa kine. Kine, kinu, mochi, mchi. Lugha hizi mbili hazina undugu wowote, ni sadfa tupu, lakini ni sadfa ya kumwandikia bibi barua. Mgeni hupewa mchi, huambiwa apige, na watoto huhesabu mapigo yake kwa Kiingereza bila kuamriwa na mtu.

JE, WAJUA jino la juu hutupwa wapi? Mtoto wa Japani, kwa desturi ya zamani, aking’oka jino la chini hulitupa juu ya paa; la juu hulitupa chini ya sakafu, ili jipya lichipuke kuelekea lilikotupwa la zamani. Wengi wetu tulilitupa paani pia. Naitaja desturi hiyo kwa sababu sauti ya “th” ya Kiingereza, ambayo Kijapani hakina lakini Kiswahili kinayo katika thelathini na themanini, huhitaji ncha ya ulimi kufika penye meno ya mbele. Mtoto wa darasa la kwanza aliyepoteza meno hayo mawili wiki hiyo hutoa sauti inayokaribiana nayo bila shida, kupitia kwenye pengo.

JE, WAJUA, mwisho, muda anaopewa mwalimu huyu? Mkataba wa JET ni wa mwaka mmoja, na unaweza kurudiwa hadi jumla ya miaka mitano. Wengi hufika kati ya Julai na Agosti. Mwaka wa shule wa Japani huanza Aprili. Kwa hiyo hata anayekaa miaka yote mitano, akimkuta mtoto darasa la kwanza, humwacha katikati ya darasa la sita. Siku ya kuaga hupewa kadi nene ya mraba, kila mtoto ameandika maneno yake kuizunguka kama miale, baadhi kwa Kiingereza. Yeye anaondoka Agosti. Mahafali ni Machi.