Masharti ya Wafadhili kuhusu Uchapishaji Huria na Utafiti wa Lugha na Masimulizi ya Tarime na Serengeti

Ikisiri

Wafadhili wengi wa utafiti sasa hudai kwamba matokeo ya kazi waliyoigharimia yasomwe na yeyote bila malipo. Makala haya yanaeleza namna mtafiti wa isimu au fasihi simulizi anavyoweza kutimiza sharti hilo, kwa kurejelea wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara. Hoja kuu ni kwamba uamuzi kuhusu leseni hupaswa kufanywa kabla ya kwenda uwandani, pale ridhaa ya msimulizi inapoombwa, na si siku jarida linapoyakubali makala.

1.0 Utangulizi

Tarime ni kitovu cha Kikuria kwa upande wa Tanzania. Wilaya jirani ya Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, ina wasemaji wa Kingoreme, Kinata, Kiikoma na Kiisenye, pamoja na Wakuria. Lugha hizi si ngeni katika taaluma. Toni ya Kikuria hutajwa mara kwa mara katika mijadala ya nadharia kwa sababu umbo la njeo na hali ya kitenzi ndilo huamua iwapo toni ya juu itaanzia kwenye mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya shina. Marlo, Mwita na Paster waliliandikia jambo hilo mwaka 2015 katika jarida la Natural Language and Linguistic Theory. Sura ya Aunio na wenzake kuhusu lugha za Mara imo katika toleo la pili la The Bantu Languages, la mwaka 2019.

Kazi zote mbili ni za kutegemewa. Hata hivyo, zilitoka katika jarida la usajili na katika kitabu cha kuuzwa, na mwalimu wa sekondari mjini Tarime, ambaye Kikuria ni lugha yake ya kwanza, hana maktaba inayomlipia. Kwa upande mwingine, tasnifu ya uzamivu ya Gambarage kuhusu Kinata, iliyowasilishwa Chuo Kikuu cha British Columbia mwaka 2019, imo katika hifadhi ya kidijitali ya chuo hicho na husomwa na yeyote mwenye intaneti. Tofauti hiyo haikuletwa na ubora wa kazi wala na ukarimu wa waandishi. Imeletwa na utaratibu tu, na utaratibu hujifunzwa.

2.0 Wafadhili wanadai nini

Wazo lenyewe lilipewa msingi na Tamko la Budapest la mwaka 2002 na lile la Berlin la mwaka 2003, lakini halikuwa na meno mpaka wenye fedha walipoingia. Septemba 2018 kundi la wafadhili linalojiita cOAlition S lilitangaza Mpango S, ulioanza kutekelezwa Januari 2021. Miongoni mwao wamo UKRI na Wellcome wa Uingereza, Baraza la Utafiti la Finland na, kwa Afrika, Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini. Sharti lao kuu ni kwamba makala yaliyopitiwa na wataalamu yapatikane bure siku ileile yanapochapishwa, bila kipindi cha zuio, na kwa kawaida chini ya leseni ya CC BY. Leseni hiyo humruhusu mtu yeyote kunakili, kutafsiri, kuhariri na hata kuuza kazi hiyo, alimradi amtaje mwandishi.

Watafiti wengi wakisikia hayo huwaza ada ya uchapishaji, na wana sababu: mwaka 2020 Nature ilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja. Lakini ada si njia pekee. Njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa mtafiti wa Kiswahili na lugha za jamii, ni kuweka mswada uliokubaliwa katika hifadhi ya kidijitali ya chuo. Mswada uliokubaliwa ni ule ambao mwandishi amekwisha kuurekebisha kwa maoni ya wasomaji wa jarida, kabla mchapishaji hajaupanga kurasa. Ili kuulinda, mwandishi huandika katika barua ya kuwasilisha makala, na tena katika sehemu ya shukrani, kwamba kwa mujibu wa masharti ya mfadhili wake ameuwekea leseni ya CC BY mswada wowote utakaokubaliwa kutokana na wasilisho hilo. Sentensi hiyo hutangulia mkataba wa mchapishaji. Anayeisahau, kisha akatia saini ya kuhamisha hakimiliki yote, atakuwa amewaahidi watu wawili kitu kimoja.

Kwa vitabu na sura za vitabu, UKRI ilianza kudai vivyo hivyo kwa kazi zinazochapishwa kuanzia Januari 2024, ila huruhusu zuio lisilozidi miezi 12. Wakfu wa Gates nao uliacha kulipa ada za uchapishaji kuanzia mwaka 2025. Majarida yetu ya Kiswahili ambayo husomwa bure, kama Swahili Forum, humwondolea mwandishi mzigo wa fedha. Linalobaki ni kuhakiki kama jarida husika huonyesha leseni ndani ya makala yenyewe na huyapa makala kitambulisho cha kudumu. Lisipofanya hivyo, hifadhi ya chuo huziba pengo.

3.0 Leseni na sauti ya msimulizi

Hapa ndipo ugumu ulipo. Mtafiti anayeandika kuhusu toni huwa na jedwali la vitenzi, na jedwali halimdhuru mtu. Mtafiti wa masimulizi huwa na maneno ya mzee yaliyorekodiwa, yenye majina ya koo, mipaka, visima na makaburi. Tarime imewahi kushuhudia mapigano ya koo yaliyotokana na ardhi na mifugo. Katika Serengeti, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1951 ilimeza maeneo ambayo wazee bado wanayakumbuka kwa majina, jambo lililochunguzwa kwa kina na Shetler katika Imagining Serengeti (2007). Simulizi la nani alitangulia kufika mahali fulani linaweza kusomwa kama fasihi mjini Leipzig, na likasomwa kama ushahidi wa madai kijijini. Leseni ya CC BY ikishatolewa haifutiki kwa aliyekwisha kuipokea.

Je, mfadhili anadai simulizi zima litolewe hivyo? Hapana, na jambo hili halijulikani vya kutosha. Mwongozo wa Mpango S unasema wazi kwamba maudhui ya mtu wa tatu yaliyomo ndani ya chapisho hayaguswi na sharti la leseni. Kwa hiyo uchambuzi wa mtafiti unaweza kuwa chini ya CC BY, huku dondoo la simulizi likiwa na maelezo yake chini ya ukurasa: limetolewa na nani au na ukoo upi, na linaruhusiwa kutumiwa vipi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatambua ulinzi wa sanaa za jadi dhidi ya matumizi ya kibiashara nje ya mazingira yake ya asili, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu msimulizi yeyote anayeweza kutambulika. Kanuni za CARE za mwaka 2019 zinakwenda mbele zaidi kwa kusisitiza mamlaka ya jamii juu ya data zake.

Yote hayo hayasaidii kitu iwapo fomu ya ridhaa iliyosomwa kwa mzee ilisema tu kwamba mahojiano ni “kwa ajili ya utafiti”. Mzee hakuulizwa kuhusu intaneti, na mtafiti hawezi kurudi miaka mitatu baadaye kumwomba aliyekwisha kufariki. Fomu iyatenge mambo matatu, na kila moja lijibiwe peke yake: makala kusomwa na wote, matini kamili kuwekwa hadharani, na sauti kusikika. Ni vyema majibu yarekodiwe kwa sauti, kwa lugha ya mzee mwenyewe.

Sauti isiachwe nyuma kwa kisingizio cha tahadhari. Alama za toni juu ya herufi humwambia mwanaisimu mengi, lakini msemaji wa Kikuria anayetaka kuhakiki uchambuzi anahitaji kusikia. Hifadhi ya lugha zilizo hatarini, ELAR, iliyohama kutoka London kwenda Berlin mwaka 2021, hupokea rekodi pamoja na maelezo yake. Maelezo hayo yakiandikwa kwa Kiswahili sambamba na Kiingereza, mwalimu wa Tarime ataweza kuitafuta rekodi kwa jina la kijiji chake na kuipata.